Kumtafuta James, mfumaji wa Preston: shajara ya mradi

12 Januari 2025. Mkebe wa biskuti

Mama mkwe wangu alitimiza miaka 80 mwaka jana. Juzi aliniita kwake, akaniwekea mezani mkebe wa biskuti uliojaa picha na makaratasi ya kwao. Akasema, "Wewe una subira na vitu vya zamani. Vichukue."

Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu nasaba husomwa kwa mdomo: mtoto anaanza na jina lake, anapanda kwa baba, kwa babu, mpaka pumzi imwishie. Wanangu wanaijua ya upande wangu. Ya upande wa baba yao inakomea kwa bibi yake mama mkwe, aliyefariki 1955. Juu ya bibi huyo kuna picha moja tu ya mzee mwenye ndevu nyeupe, na kadi ya msiba ya mwaka 1909.

Mzee huyo ndiye James, baba wa bibi yake mama mkwe. Jina la ukoo nalihifadhi, kwa kuwa uzao wake uko hai na wengi sijawaomba ruhusa. Familia inajua mambo mawili tu juu yake: kwamba alizaliwa Preston, mji wa viwanda vya pamba katika Lancashire, huku kaskazini-magharibi mwa England, na kwamba "alikuwa na kiwanda".

Nitaandika hatua kwa hatua, pamoja na gharama na makosa, ili mwenzangu aliyeolewa au kuoa huku aweze kufuata njia hii kwa ajili ya wanawe. Kanuni niliyoanza nayo ni moja: nitoke kwenye kinachojulikana kwenda kwenye kisichojulikana, wala nisiruke kizazi. Mtaona nilipoivunja.

2 Februari. Cheti cha kifo

England na Wales zilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo serikalini tarehe 1 Julai 1837. Nakala za vitabu hivyo ziko Ofisi Kuu ya Uandikishaji, ambayo watu huiita kwa herufi zake tu, GRO. Kutafuta katika faharasa yao ya vizazi na vifo ni bure ukishajisajili. Unacholipia ni waraka wenyewe. Bei nilizozikuta mwaka huu wa 2025 ni pauni 12.50 kwa cheti cha karatasi, pauni 8 kwa nakala ya PDF, na pauni 3 kwa picha ya kidijitali, ambayo unaiona papo hapo. Si kila mwaka una picha. Vifo vya zamani vina picha mpaka 1887 tu, hivyo kifo cha 1909 hakina picha; PDF ilikuwepo, lakini mimi nilinunua karatasi. Ndoa zote ni karatasi.

Cheti kilikuja kwa posta. James alifariki Februari 1909, Preston, umri miaka 64, kwa mkamba. Kazi yake iliandikwa: mfumaji wa pamba, zamani. Mtoa taarifa ni binti yake, yule bibi wa mama mkwe, aliyekuwa kando ya kitanda.

Hakuna kiwanda hapo. Sikumwambia mama mkwe bado. Cheti kimoja hakitoshi kumwondolea mtu hadithi aliyolelewa nayo.

Jambo la kuzingatia: umri ulio kwenye cheti cha kifo haukutajwa na marehemu. Umetajwa na mtu mwenye msiba, usiku huo au kesho yake. Kwa hiyo 64 niliichukua kuwa ni kati ya 62 na 66, na kuzaliwa kwake kati ya 1842 na 1847.

9 Machi. Kushuka na sensa

Hatua hii ni nyepesi. Sensa ya huku hufanyika kila miaka 10, majina ya watu wote yanapatikana kuanzia 1841, na karatasi hufungwa miaka 100 kabla ya kuonyeshwa. Tovuti za kulipia zinazo zote, lakini maktaba nyingi za umma hukuruhusu kuzitumia bure ukiwa ndani ya jengo. Nimefanya hivyo Jumamosi tatu.

Nimempata 1901, 1891, 1881 na 1871, kila mara Preston, kila mara na mke yuleyule. Mwaka 1871 ana miaka 26, mfumaji, na mtoto wa kwanza wa mwaka mmoja na kitu. Mwaka 1881 bado mfumaji. Mwaka 1891 kazi imebadilika: mlinzi wa usiku katika kiwanda cha pamba. Sensa ya mwaka huo ndiyo ya kwanza kuuliza kila mfanyakazi kama ni mwajiri au mwajiriwa, na alama yake iko kwenye safu ya mwajiriwa.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa mama mkwe. Nilimsomea taratibu. Alinyamaza muda, akatazama picha, kisha akasema, "Bibi alikuwa akisema funguo za kiwanda zilining'inia nyuma ya mlango wao, na watoto walikatazwa kuzigusa." Hakusema zaidi, nami sikuongeza neno. Mlinzi ndiye anayelala na funguo.

30 Machi. Mtoto wa miaka sita

Hapa ndipo nilipopotea, na nitaeleza kwa urefu.

Nilitaka utoto wake. Sensa ya 30 Machi 1851 ilinipa James mmoja tu mwenye jina hilo la ukoo, umri huo, ndani ya Preston: miaka 6, baba mfumaji, mama, dada wawili. Alikuwa peke yake kwenye matokeo, nami nikachukulia kwamba kwa kuwa yuko peke yake basi ndiye yeye.

Nikaenda kwenye faharasa ya vizazi. Wako wawili wenye jina hilo walioandikishwa Preston kati ya 1844 na 1846. Wa kwanza alilingana na yule mtoto wa sensa, nikanunua PDF yake kwa pauni 8, wakati picha ya pauni 3 ina maneno yaleyale. Wa pili nikamnunulia picha, pauni 3, nikaona mama ni mwingine, nikamweka kando.

Njia sahihi ilikuwa kununua cheti cha ndoa cha James kwanza, maana cheti cha ndoa cha huku kinataja baba wa bwana harusi na kazi yake. Nililijua hilo. Lakini ni pauni 12.50, na sikujua hata mwaka wa ndoa, na mtoto wangu wa sensa alikuwa amekaa vizuri mno. Nikabana pesa pale. Badala yake nikanunua cheti cha ndoa cha wazazi wa mtoto yule, pauni 12.50 hizohizo, nikapanda nao mpaka sensa ya 1841, kisha kwenye vitabu vya kanisa la Anglikana, vizazi viwili zaidi nyuma. Nilichora mti mkubwa kwenye karatasi ya manila. Mama mkwe aliubandika ukutani, jikoni kwake.

14 Juni. Mti umeshushwa

Kitu kimoja kilinisumbua tangu Aprili: sensa ya 1861 ilionyesha wazazi wale na dada wale, lakini James hayumo. Nilijipa sababu. Labda alikuwa akiishi kwa jamaa. Labda alikuwa amepanga karibu na kiwanda.

Leo, maktabani, mzee mmoja anayejitolea kusaidia wasomaji aliangalia karatasi zangu, akauliza swali moja: "Huyu mtoto umemtafuta kwenye vifo?"

Sikuwa nimemtafuta. Nilikuwa na hamu ya kumwona akiishi. Faharasa ya zamani ya vifo haina umri mpaka 1866, lakini ile mpya ya GRO imeongeza umri tangu 1837, kwa hiyo kazi hii ni ya dakika moja. Niliandika jina, Preston, na nikapewa mtoto wa miaka 8, mwaka 1853. Nikanunua picha, pauni 3. Mtaa ni uleule wa sensa. Baba ni yuleyule. Ugonjwa, kifaduro.

Nilikaa na karatasi ile muda mrefu. Nilikuwa nimemzoea mtoto yule kwa miezi miwili na nusu, nimemtaja mezani mbele ya wanangu kama mtu wetu. Ni mtoto wa watu wengine, naye alikufa akiwa na miaka 8, na mimi nilikuwa nimempa ndoa, watoto na ndevu nyeupe.

Jioni nilikwenda kwa mama mkwe kuomba radhi. Tuliushusha mti pamoja.

Hesabu ya kosa hili: pauni 8, 3, 12.50 na 3, jumla pauni 26.50. Yote kwa kubana 12.50. Na Jumamosi zisizorudi.

Wewe unayefuata, fanya hivi: ukimpata mtoto anayefanana na wako, kabla hujampokea nenda kwenye vifo, umtafute kwa jina, kwa wilaya, kuanzia siku ulipomwona mpaka siku unayojua kwamba wako yuko hai. Ukimkosa kaburini, endelea naye.

28 Juni. Cheti cha ndoa

Kupata ndoa bila kujua jina la ukoo la mke kunahitaji mzunguko kidogo. Faharasa ya ndoa haikuweka jina la mwenza mpaka 1912. Nilichofanya ni hiki: nilinunua picha ya kuzaliwa kwa mtoto wao wa kwanza, pauni 3, ambayo inataja mama na jina lake la usichana. Kisha nikaingia FreeBMD, tovuti ya bure ya watu wa kujitolea, nikatafuta ndoa za jina la mume na ndoa za jina la mke, kila moja peke yake. Majina mawili yakikutana katika robo moja ya mwaka, juzuu moja na ukurasa mmoja, kuna uwezekano mkubwa umewapata. Juzuu ya Preston kwa miaka hiyo ni 8e. Walikutana mwaka 1868.

Cheti kinasema James ana miaka 23, mfumaji wa pamba. Mke naye mfumaji wa pamba. Baba yake James ni marehemu, alikuwa mfumaji wa kitanda cha mfumi cha kuendeshwa kwa mkono, na jina lake la kwanza si la yule baba niliyempachika. James ametia alama ya X. Mke ameandika jina lake. (Usijaribu kusoma mwandiko hapo: nakala za GRO ziliandikwa na makarani, na X ile ni ya karani. Lakini kwamba aliweka alama badala ya sahihi, hilo ni kweli.)

Na juu ya alama ile kuna mstari ambao ungeniokolea miezi mitatu: ndoa imefungwa kwa taratibu za Kanisa Katoliki.

Nilikuwa nimepekua vitabu vya Waanglikana. Watu wangu hawakuwa humo. Preston ina Wakatoliki wengi tangu zamani, na mnara wa kanisa la St Walburge, mita 94, ndio mrefu kuliko wa kanisa lolote la parokia England. Nimeupita kwa basi mara kadhaa nikienda kumtafuta James mahali pengine.

19 Julai. Jacobus

Tovuti ya Lancashire OnLine Parish Clerks ni ya bure, nayo imenakili vitabu vya makanisa mengi ya kaunti hii, Wakatoliki wakiwemo. Niliandika James. Hakuna. Nikabadilisha tahajia ya ukoo mara nne. Hakuna.

Siku ya tatu nilikumbuka kwamba mapadre waliandika kwa Kilatini. Na sisi tunaosoma Biblia ya Kiswahili tuna njia ya mkato hapa: waraka ambao Waingereza wanauita wa James, kwetu ni Waraka wa Yakobo. Nikaandika Jacobus.

Alikuwepo. Alibatizwa Novemba 1844 katika kanisa la St Ignatius, lililofunguliwa 1836. Jina la baba ni lile la cheti cha ndoa. Jina la mama limefuatwa na neno "olim", yaani zamani, kisha ukoo wa kwao kabla ya kuolewa. Zawadi hiyo huikuti kwenye vitabu vya ubatizo vya Waanglikana wa miaka ile. Orodha ndogo ya kuweka karibu: Jacobus ni James, Gulielmus ni William, Joannes ni John, Carolus ni Charles.

Wale vizazi wawili wa faharasa ya serikali, hakuna ambaye mama yake ana jina hilo. Kwa hiyo kuzaliwa kwa James wetu hakukuandikishwa kabisa. Si ajabu: adhabu kwa mzazi asiyeandikisha mtoto ilianza na sheria iliyotumika kuanzia 1875. Kabla ya hapo wazazi wengine waliona ubatizo unatosha. Nilikuwa natafuta karatasi ambayo haikuandikwa, na pengo hilo nikalijaza na mtoto mwingine.

16 Agosti. Tatu zilizobaki: 1851, 1861 na baba

Nikiwa na majina ya wazazi, nilirudi kwenye sensa nikitafuta bila jina la ukoo: James, Preston, umri, baba jina fulani, mama jina fulani. Mwaka 1851 walikuwepo muda wote. Aliyenakili kwa ajili ya kompyuta alisoma T ya ukoo kuwa F. Baba yuko kwenye kitanda cha mfumi nyumbani, kazi ambayo mitambo ya mvuke ilikuwa imekwisha kuila. Kaka na dada wakubwa wako kiwandani wakiunga nyuzi zinazokatika. James, miaka 6, ameandikwa kuwa yuko shule. Sheria ya 1844 iliruhusu mtoto wa miaka 8 kufanya kazi kiwandani nusu siku na kusoma nusu iliyobaki, hivyo shule yake ya kutwa ilikuwa na miaka miwili ya kuishi.

Mwaka 1861 alinikwepa kwa sababu karani aliandika Jas, na mashine ikaichukua kuwa jina jingine. Jas ni James kwa ufupi, kama Wm ni William, Jno ni John, Chas ni Charles. Ana miaka 16, anaendesha mtambo wa kufuma. Mama ni mjane. Nikanunua picha ya kifo cha baba, 1856, pauni 3: kifua kikuu.

Tazameni tarehe ya sensa hiyo: 7 Aprili 1861. Siku tano baadaye, tarehe 12, mizinga ya kwanza ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani ililia Fort Sumter. Pamba iliyolisha viwanda vya Lancashire ilitoka kwa sehemu kubwa kwenye mashamba ya watumwa ya kusini mwa Marekani, na vita vikaifungia njia. Mitambo ikasimama. Miaka ile, 1861 mpaka 1865, watu wa huku wanaiita njaa ya pamba, na Preston iliumia sana. Sensa imemkamata James akiwa na kazi, siku chache kabla vita havijaanza.

Bibi yangu kule Tanga alikuwa akiita kitambaa kigumu cheupe "merikani", kwa kuwa wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, ndio waliokileta Zanzibar. Vita vilevile viliifanya merikani iadimike pwani yetu. Nilipolitambua hilo nilimpigia simu dada yangu usiku, nikamweleza kwamba uzi uleule ulikatika kwa James na kwetu miaka ileile.

27 Septemba. Yaliyoshindikana

Nimekwenda Preston mara tatu, Hifadhi ya Nyaraka ya Lancashire iliyoko Bow Lane. Nauli ya basi pauni 3 kwenda, pauni 3 kurudi, jumla pauni 18. Beba kitambulisho, penseli na chakula. Kalamu ya wino hairuhusiwi.

Nilitafuta jina lake katika nyaraka za misaada ya maskini za miaka ya njaa ya pamba. Sikumwona. Magazeti ya zamani niliyapekua kwa jina na kwa mtaa. Sikumwona. Mtu kama James aliingia gazetini akishtakiwa, akiumia vibaya kazini au akizama mtoni. Hakufanya lolote kati ya hayo, na ukimya huo ndio maisha yake.

Niliishia kufanya jambo moja ambalo si ushahidi. Bustani za Avenham na Miller, kando ya mto Ribble, zilitengenezwa miaka ya 1860 kwa mikono ya wafumaji waliokosa kazi, kwa ramani ya Edward Milner. Sina karatasi inayosema James alishika koleo pale. Nilitembea tu mpaka mtoni na kurudi. Katika daftari langu nimeandika "yawezekana", na sitalifuta neno hilo bila karatasi.

Babu yangu mzaa baba alikuwa manamba katika mashamba ya mkonge, Tanga. Waliitwa hivyo kwa namba walizopewa. Sisi tunaye kwa mdomo, na kwa karatasi hatuna kitu. James yuko kwenye karatasi tisa, na mdomoni alikuwa amebaki na funguo tu. Nazifikiria hizo mbili kila ninapofungua daftari.

18 Oktoba. Kosa la mjane

Sensa ya 2 Aprili 1911 ndiyo ya kwanza ambayo tunayo karatasi iliyojazwa nyumbani na mwenye kaya mwenyewe. Za kabla yake tunasoma kitabu cha karani. James alikuwa amekufa miaka miwili. Mjane wake anaishi na binti yake, na karatasi imejazwa kwa mwandiko wa mkono mzito, wima. Sahihi ya chini ni ya mjane.

Mwaka huo wanawake walio katika ndoa waliulizwa: ndoa ina miaka mingapi, watoto wangapi walizaliwa hai, wangapi wako hai, wangapi wamekufa. Wajane hawakutakiwa kujibu. Yeye alijibu. Karani wa ofisi akapitisha mstari wa wino juu ya majibu yake, kwa kuwa hayakuhitajika katika hesabu ya taifa.

Mstari haukufuta kitu. Chini yake inasomeka vizuri: 9, 4, 5.

Nilikuwa nawajua watoto watano tu. Wengi wa wengine walizaliwa na kuzikwa katikati ya sensa mbili, na sensa haikuwahi kuwaona.

Kama mhenga wako aliacha mjane, fungua picha ya karatasi yake ya 1911. Usitegemee maandishi yaliyonakiliwa. Wajane wengi walijibu swali lile, na waliojibu wakakatwa.

22 Novemba. Watoto watano

Faharasa mpya ya vizazi ya GRO ina jina la usichana la mama tangu 1837. Nikaweka ukoo wa baba, ukoo wa mama, wilaya ya Preston, mwaka baada ya mwaka kuanzia 1868 mpaka 1889. Wametokea wanane. Kisha nikawatafuta kwenye vifo mmoja mmoja.

Hapa nilikaribia kukosea tena. Kulikuwa na msichana wa jina moja aliyezaliwa 1872, na sensa ya 1881 ikamwonyesha na miaka 6. Nilidhani karani amekosea umri. Hakukosea. Msichana wa 1872 alikufa 1873, na aliyezaliwa 1875 akapewa jina la dada yake. Ilikuwa desturi. Ukiona umri hauendi sawa, kabla ya kumlaumu karani angalia kama kuna kaburi kati ya watoto wawili.

Picha nne za vifo, pauni 12. Mmoja surua. Mmoja kuharisha, mwezi wa Agosti; majira ya joto yaliua watoto wachanga wengi Preston. Mmoja mkamba, kama baba yake miaka mingi baadaye. Na msichana wa 1872, neno lililoandikwa ni lile ambalo kila mama wa kwetu analijua na kuliogopa: degedege.

Nilimsomea mama mkwe majina. Aliniomba nirudie la yule msichana, kwa sababu ndilo jina la bibi yake. Bibi aliyemlea, aliyesimulia habari za funguo, aliyesimama kando ya kitanda 1909, alikuwa wa pili kulibeba. Mama mkwe hakuwahi kuambiwa.

Tulikwenda pamoja makaburini. James na mke wake wamo katika kaburi la pamoja, halina jiwe. Kuna nyasi na namba kwenye ramani ya makaburi. Tulisimama pale mpaka mvua ilipoanza.

14 Desemba. Wa tisa

Mjane aliandika tisa, mimi nina wanane. Alisema watano wamekufa, mimi ninao wanne. Kwa wiki tatu nilijiuliza kama alihesabu vibaya. Kisha nikajiambia kwamba mwanamke aliyejaza safu isiyomhusu, miaka mingi baada ya kuzika watoto wake, hakuwa akikisia.

Nikajaribu tahajia za ukoo wa mama, kama zingeandikwa na mtu anayeusikia tu kwa sikio. Nilipoondoa H ya mwanzoni, ambayo watu wa Lancashire hawaitamki, alitokea. Mvulana, 1878. Kifo robo ileile ya mwaka. Picha pauni 3. Umri: siku 11. Mtoa taarifa wa kifo ni James, ametia alama ya X.

Gharama mpaka leo: nyaraka za kweli pauni 46, nyaraka za kosa pauni 26.50, nauli 18. Jumla pauni 90.50.

Nimechora mti mpya, mdogo kuliko wa kwanza, na mama mkwe ameubandika palepale jikoni. Mstari wa watoto nimeuandika kama alivyoujaza mama yao: tisa, wanne, watano.